Chipsi Milioni Nne

Thobias aliziona pesa za Eustakia kabla hajamwona Eustakia mwenyewe. Ziliingia kwenye mfuko wa aproni moja baada ya nyingine, noti za elfu tano na za elfu kumi, na kila ilipoingia moja mfuko ule ulituna kama shavu la mtoto mwenye andazi. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha chakula, njia panda ya Nyakanazi, ameagiza chai ya rangi isiyo na kitafunwa kwa kuwa alibakiwa na shilingi mia tano. Akainua macho juu, akamwambia Mungu, "Asante." Mungu hakujibu. Thobias akauchukulia ukimya ule kuwa ruhusa, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kupotea.

Ulikuwa mwaka 2016. Burundi kulikuwa kumechafuka, na mabasi ya wakimbizi yalikuwa yakishuka kutoka upande wa Ngara kwenda kwenye kambi za Kibondo. Nyuma ya mabasi yalifuata malori ya unga, ya maharage na ya mahema, na dereva wa lori ni mtu anayekula. Palipokuwa na vibanda vitatu sasa palikuwa na thelathini. Eustakia, mjane kutoka kijiji cha Mugoma aliyefika pale na kikaango kimoja, sasa alikuwa na vikaango vitatu, na wateja walipanga foleni kwa utulivu kama watu wanaokwenda kukomunika.

Thobias naye alikuwa ametoka Ngara mjini. Alihama kwa sababu za kiafya: kuna watu wawili walikuwa wameahidi kumvunja miguu. Alikuja na simu ya kupangusa, ulimi laini, na pikipiki nyekundu aliyoinunua kwa kahawa aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ile pikipiki ndiyo kitu pekee maishani mwake alichokipata bila kumdanganya mtu. Aliiosha kila asubuhi kabla ya kunawa uso, na alipoitazama alijihisi mtu mwema kwa dakika tano hivi. Zaidi ya hapo ingekuwa kiburi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikuongezee chai?"

"Hapana, mama, nimeshiba. Nimetoka kushinda laki tisa sasa hivi, hata njaa imenikimbia."

Eustakia alikuwa akigeuza viazi. Akaacha. "Laki tisa? Wapi?"

"Humu." Thobias akaigonga simu kwa kucha, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. "Ni mchezo wa karata, unacheza na watu wa dunia nzima. Unaitwa poka."

"Poka?" Eustakia akaweka mwiko chini. "Kupoka si kumnyang'anya mtu mali yake? Mwalimu wetu wa darasa la jioni alituandikia ubaoni juzi tu."

"Hicho ni Kiswahili, mama. Hii poka ni ya Kiingereza."

"Kumbe. Na kwa Kiingereza maana yake nini?"

Thobias hakuwa amejiandaa kwa mtihani. Akafikiri. "Ni kunyang'anyana kwa hiari," akasema.

Eustakia akakubali kwa kichwa, maana mwalimu alikuwa amewaambia kwamba lugha za watu zina mambo. Akainama juu ya simu. "Na haya maduara mekundu?"

"Hizo ndizo chipsi."

Mama akaitazama simu, akakitazama kikaango, akairudia simu. "Chipsi?"

"Ndiyo pesa ya mle ndani. Ukiwa na chipsi nyingi, wewe tajiri."

"Mimi nauza sahani elfu moja na mia tano, na kachumbari juu. Wewe zako unauzaje?"

"Kumi kwa shilingi moja."

"Mbona rahisi hivyo?"

"Hazina mafuta, mama."

Hapo inafaa nikueleze ukweli ambao Thobias hakumweleza. Mchezo ule ulikuwa wa kujifurahisha tu. Kila asubuhi ulimgawia mchezaji chipsi za bure, kama mvua inyeshavyo kwa wenye haki na wasio haki, na chipsi zile hazikuweza kugeuzwa hata kuwa senti moja. Thobias alikuwa amezikusanya miezi minane. Tayari alikuwa amewauzia madereva watatu, na wote watatu walikuwa wamekwisha ondoka Nyakanazi, jambo ambalo yeye aliliita huduma bora kwa wateja.

Lakini mtu akiona una haraka ya kumuuzia, hukimbia. Thobias alilijua hilo. Kwa hiyo kwanza alimkataza.

"Mama, mchezo huu unataka nidhamu. Mimi nina kanuni tatu za faida na hasara. Ya kwanza: usicheze kwa pesa ya chakula. Ya pili: ukipoteza theluthi, funga simu, kasali. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa: hasara usiikimbize. Hasara ni mbuzi aliyeingia shambani kwa jirani. Ukimfukuza unazidi kukanyaga mahindi."

Eustakia akaguswa. Aliona kijana anayezungumza kama katekista. Akaingia nyuma ya kibanda, akasali fungu moja la rozari, akatoka na laki nne zilizokuwa za kununulia friji. Thobias akauweka mchezo kwenye simu yake mama, wakaketi pamoja kwenye meza ileile ya mtandaoni, naye akaanza kushindwa makusudi ili chipsi zihamie upande wa pili. Alishindwa kwa ustadi mkubwa. Maisha yake yote alikuwa akishindwa kwa bahati mbaya, na sasa alishangaa kuona jinsi kazi ile inavyokuwa rahisi ukilipwa.

Simu ya Eustakia ikaonyesha milioni nne.

"Bwana asifiwe," akasema mama.

"Milele na milele," akasema Thobias, akiwa amekwisha washa pikipiki.

Mjanja mwenye akili angeondoka siku ileile. Lakini Thobias alikuwa na ugonjwa, nao ni huu: alimwamini Thobias. Kulikuwa na poka nyingine mtandaoni, ile ya pesa za kweli, na yeye aliamini kwamba mtu anayefundisha kanuni tatu hawezi kushindwa na watu wasiozijua. Akaingiza laki nne zote, pamoja na ya chakula, na hiyo ikawa kanuni ya kwanza kuvunjwa. Jumatatu akapoteza theluthi kwa mchezaji mwenye picha ya bata. Hakufunga simu wala hakusali, kwa sababu yule bata alicheza kipumbavu waziwazi na ilikuwa dhambi kumwacha hivihivi. Jumanne akaikimbiza hasara. Jumatano adhuhuri alikuwa amekanyaga mahindi yote, na bata alikuwa amemtumia kikatuni kinachocheka.

"Nidhamu," Thobias akajiambia, akiitazama sifuri kwenye kioo. Haikusaidia, lakini ilikuwa imechelewa tu kidogo.

Eustakia naye akaanza kutaka friji yake.

"Mwanangu, nataka kuzigeuza zile chipsi ziwe pesa."

"Wiki hii haiwezekani, mama. Benki ya poka imefungwa kwa sikukuu."

"Sikukuu gani? Kalenda ya parokia haina kitu."

"Ni ya Waprotestanti wa Ulaya."

"Basi tuwaombee," akasema Eustakia, akarudi kwenye viazi.

Wiki ya pili alimwambia mtambo umeharibika. Ya tatu akamwambia bei imeshuka, asubiri ipande. Mama hakugomba hata mara moja. Kila siku alimpa chai na kumuuliza hali ya bei, kama mtu anayemuuliza jirani hali ya mgonjwa. Thobias akaanza kumwonea huruma, na alijipongeza sana kwa huruma ile, ingawa haikumgharimu chochote.

Kila Alhamisi ya pili gari la wagonjwa kutoka kambini lilisimama Nyakanazi, likitoka hospitali, watu wapate kula. Alhamisi ile akashuka mkimbizi mmoja, mrefu, mwembamba, koti limemzidi mabega. Alikuwa anamsindikiza mkewe aliyetibiwa macho. Akala kwa Eustakia, akafuta midomo, akamfuata Thobias kwenye pikipiki yake.

"Shefu, samahani. Naitwa Ntirampeba. Nimeambiwa hapa kuna mtu ana chipsi za poka."

Thobias akatazama kulia na kushoto. "Nani kauliza?"

"Ndugu zangu wako Ubelgiji. Wanacheza huo mchezo kama watu wenye pepo, na huko zimeadimika. Wananunua shilingi moja kwa chipsi moja. Wameniagiza nitafute huku kwetu, ambako watu hawajui thamani yake."

Moyo wa Thobias ukaruka kama chura aliyemwagiwa maji ya moto. Miezi minane alikuwa ameziita takataka! Hapo ndipo ningemwomba asimame asome kanuni zake mwenyewe, lakini mimi sikuwepo.

"Unataka ngapi?"

"Si chini ya milioni nne, zote kwa mtu mmoja. Chini ya hapo hawanitumii pesa. Na gari letu linaondoka saa tisa." Ntirampeba akatoa noti mbili za elfu kumi. "Hiki ni kishika uchumba, shefu, usije ukawauzia wengine."

Thobias akakipokea kishika uchumba kwa mikono miwili. Saa sita na nusu. Yeye mwenyewe alikuwa na chipsi elfu kumi na moja. Milioni nne zilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye mfuko wa aproni, karibu na sanduku la kiberiti.

"Mama," akaanza, akihema, "nimekaa nikafikiri. Dhamiri inanisumbua. Zile chipsi zimekuchelewesha friji yako. Niruhusu nizichukue tena, nikurudishie laki nne zako."

"Unazo hapo?"

"Nitaleta mwisho wa mwezi."

"Aa, mwanangu, usijitese." Eustakia akamimina mafuta. "Mimi nimekwisha zizoea. Asubuhi nikiamka nazitazama, nasema, Eustakia, wewe una milioni nne. Siku inakwenda vizuri. Na nimezianzia novena bei ipande. Leo siku ya saba."

"Laki sita!"

"Nikatishe novena kwa laki sita?"

Thobias akafanya hesabu. Milioni nne toa chochote kile ni pesa nyingi. Akageuka, akaitazama pikipiki yake, nyekundu, imeoshwa asubuhi ileile, imesimama kivulini kama ng'ombe asiyejua kuna harusi.

"Mama, chukua pikipiki."

"Mimi? Na umri huu? Sijui hata kuiwasha."

"Utajifunza! Utaajiri dereva! Mama, hii inatumia mafuta kidogo kuliko kikaango chako. Mama, sikiliza inavyounguruma." Akaiwasha. Kama kuna mahali popote imeandikwa kwamba mwizi atabembeleza aibiwe, mimi sijapasoma, lakini yalitokea Nyakanazi mchana kweupe.

"Haya," Eustakia akakubali kwa shida, kama mtu anayekubali kubeba mzigo wa mwenzake. "Lakini tuandikishane kwa mwenyekiti. Mimi mwanafunzi tu, nisije nikaonewa."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mzee Shibuda, Msukuma mpole mwenye mhuri anaoupenda kuliko miwani yake. Thobias akaomba aandike mwenyewe, kwa kuwa alikuwa na haraka na mwandiko mzuri. Na kwa kuwa aliogopa Eustakia akisikia bei ya Ubelgiji atarudi kudai nyongeza, aliufunga mkataba kila upande: *Mimi Thobias nimenunua kwa mama Eustakia chipsi milioni nne, halali na zenye thamani kamili, nami nimelipa pikipiki yangu nyekundu pamoja na kadi yake. Kuanzia leo hakuna atakayemdai mwenzake, bei ipande au ishuke.*

Shibuda akasoma, akauliza, "Chipsi milioni nne zitaliwa na nani?"

"Ni za simu, mzee."

"Ah. Mambo ya simu." Akagonga mhuri.

Eustakia akaweka saini herufi moja moja, ulimi umetoka pembeni. Thobias alikunja ngumi kwa kusubiri. Kisha wakaketi tena kwenye meza ya mtandaoni, mama akashindwa mara moja tu, kwa chipsi zote.

"Umecheza vibaya, mama," Thobias hakuweza kujizuia. "Huo ungekuwa msiba kama zingekuwa pesa za kweli."

"Ndiyo najifunza, mwanangu."

Akakimbia kwa miguu hadi linaposimama gari la wagonjwa. Alikuwa amesahau jinsi kukimbia kulivyo. Gari lilikuwa limewashwa. Ntirampeba alikuwa dirishani, karibu na mkewe mwenye bandeji jichoni.

"Ninazo!" Thobias akapaza sauti, simu juu. "Milioni nne! Zote!"

Ntirampeba akaitazama simu kwa makini, akatingisha kichwa kwa heshima. "Hongera, shefu. Zitunze."

"Pesa je?"

"Nimewapigia ndugu zangu. Wameacha kucheza. Wameokoka."

Gari likaondoka kuelekea Kibondo. Thobias akabaki kwenye vumbi, mdomo wazi, na vumbi likaingia bila kubisha hodi.

Saa kumi alikuwa kwenye baraza la Shibuda, akidai mkataba uvunjwe. Eustakia aliitwa, akaja na beseni la viazi ili asipoteze muda.

"Chipsi ulipokea?" akauliza mwenyekiti.

"Nilipokea."

"Zilipungua?"

"Hata moja."

"Sasa shida iko wapi?"

"Hazina thamani, mzee! Ni za kuchezea tu. Haziuziki popote!"

Shibuda akavaa miwani. "Umelijua hilo lini?"

Thobias akaanza kukipangusa kioo cha simu kwa shati.

"Sema tu, mwanangu," Eustakia akamtia moyo, akimenya. "Nami nipo hapa kujifunza."

"Nakuuliza," akasema Shibuda, "kwa sababu mama huyu ameniambia wewe ndiye uliyemuuzia mwanzo, kwa laki nne taslimu. Kama hazina thamani, ule ulikuwa wizi, na polisi ni hapo ng'ambo ya barabara. Kama zina thamani, umeuziwa mali safi na mkataba umeuandika kwa mkono wako. Chagua mwenyewe. Mimi sina haraka, ng'ombe wangu wanarudi saa kumi na mbili."

"Zina thamani, mzee," akasema Thobias, kwa sauti ya mtu anayekiri imani.

"Kiasi gani?"

"Kubwa."

"Basi hongera. Ada ya kusikiliza shauri ni elfu mbili."

Walitoka pamoja. Eustakia alitembea polepole kwa sababu ya beseni, na Thobias alilipokea, maana hata mjanja ana mama yake.

"Yule Ntirampeba," akasema mama, "alifundisha hesabu huko Muyinga miaka ishirini. Nilimwonyesha simu yangu mara ya kwanza alipopita. Akateremka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ya Kifaransa, akanisomea: chipsi hizi ni za kuburudika, haziuzwi wala hazinunuliwi. Nililia siku mbili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nikakaanga viazi, nikampigia simu, tukapanga. Wewe mwenyewe ulinifundisha hasara usiikimbize. Nikaona bora niiketishe hasara mahali, nimwache mwenye hasara yake aje aifuate." Akajifunga kanga upya. "Nilikwenda kuungama kabla ya leo."

"Padre alisemaje?"

"Aliuliza ni pikipiki ya aina gani. Kisha akasema laki nne ni zangu, zinazozidi niwarudishie wale madereva watatu uliowala, walionisimulia walipopita tena kula kwangu. Nitawarudishia kidogo kidogo, ikishaanza kuingiza. Zile elfu ishirini za kishika uchumba nazo zilikuwa zangu. Umezila?"

"Nimebakiwa na kumi na nane."

"Lete. Mbili nitakukata kwenye mshahara."

"Mshahara gani, mama?"

"Si ulisema niajiri dereva? Mimi simfahamu dereva mwingine anayeiosha kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Hesabu ya kuniletea ni elfu saba kwa siku, inayozidi ndiyo mshahara wako. Jumapili haitembei mpaka misa iishe."

Thobias akasimama katikati ya njia na beseni lake la viazi. Akayapima maneno mengi, yale yaliyowahi kumtoa Ngara mjini akiwa na miguu yote miwili. Hakuna hata moja lililokuwa na nguvu za kuvuka beseni lile.

"Nianze lini?" akauliza.

Siku hizi utampata pale njia panda, amevaa kizibao cha bodaboda, anabeba watu kwenda Lusahunga na kurudi. Haendi mbio na habishani nauli. Tatizo lake ni moja tu. Eustakia, kama wenye pikipiki wote, alitaka kingatope cha nyuma kiwe na maandishi, akampelekea fundi rangi maneno mawili aliyoyaandika mwenyewe, bila kosa hata moja: ASANTE THOBIAS. Abiria huyasoma kabla ya kupanda, na safari haifiki daraja la kwanza kabla ya mmoja kuuliza.

"Dereva, huyu Thobias ni nani?"

"Simfahamu vizuri," hujibu dereva, macho barabarani. "Nasikia alikuwa mtu wa kutoa sana."